Sayyid Majid, Sultani Aliyesalitiwa na Ndugu Zake

Lugha ya Kiswahili, inayosikika sokoni Masisi na katika njia za msitu wa Walikale, ilifika nchi za Kivu kwa miguu. Ililetwa na wapagazi na wafanya biashara waliotoka pwani ya mashariki, na wengi wao walikuwa watu wa Sultani wa Unguja. Unguja ni kisiwa cha Bahari ya Hindi. Wageni hukiita Zanzibar. Habari zinazosimuliwa hapa ni za mmoja wa masultani wake, Sayyid Majid bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1856 hata mwaka 1870.

Wasomaji wasidhani kwamba Majid anasimuliwa kwa kuwa alikuwa mtakatifu. Hakuwa Mkristo, alikuwa Mwislamu kama baba zake. Na utajiri wa enzi yake ulitoka katika karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Mwishoni mwa siku zake wafanya biashara wa Unguja walikuwa wamekwisha kufika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na baadaye watu wao wenye bunduki wakaingia msituni mpaka nchi ya mto Lowa. Wazee wa Walikale hawakuwasahau upesi. Dhambi hiyo ni kubwa, wala haifichwi hapa. Lakini Majid alipatwa na jambo moja ambalo humpata mfalme na mkulima sawasawa: alisalitiwa na watu wa nyumba yake mwenyewe, na mmoja wao alikuwa dada mdogo aliyemlea. Kwa namna alivyolipokea jambo hilo, anastahili kukumbukwa.

Baba yake Majid alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman katika nchi ya Waarabu, aliyehamisha makao yake kuja Unguja. Mtawala huyo alikuwa na masuria wengi, na alipokufa aliacha watoto wapatao 36, kila kundi na mama yake. Nyumba ya namna hiyo haikosi wivu. Mtoto humtazama mwenzake aliyepewa farasi mzuri kuliko wake, na mama humtazama mama mwenzake. Lakini haikosi mapendo pia, na ya Majid yalianza kwa mapendo.

Mama yake aliitwa Sara. Alitoka nchi ya mbali ya Wacherkesi, katika milima iliyo karibu na Bahari Nyeusi, akaletwa Arabuni kama wanawake wengi wa nchi yake walivyochukuliwa na kuuzwa. Alikufa kabla watoto wake, Majid na Khadija, hawajapata nguvu. Katika jumba lile alikuwamo mwanamke mwingine wa nchi ileile, jina lake Jilfidan, rafiki ya marehemu, naye akawa kama mama kwa wale yatima wawili. Jilfidan alikuwa na binti mmoja tu aliye hai, aliyezaliwa mwaka 1844 huko Mtoni, jina lake Salme.

Majid alipofikia umri wa kijana mzima, baba yake akampa nyumba yake mwenyewe mjini, iliyoitwa nyumba ya Watoro. Kijana hakutaka kukaa humo na dada yake peke yao. Akamwomba Jilfidan aje akae nao, na Salme aje pamoja na mama yake. Salme alikuwa na umri wa miaka saba. Hivyo wakaishi chini ya dari moja, wakila pamoja, na Majid akampenda yule mtoto kupita kiasi. Alimfundisha mambo ambayo wasichana wa Kiarabu hawakufundishwa: kupanda farasi, kushika upanga na mkuki, kulenga shabaha kwa bunduki. Majid mwenyewe hakuwa mtu mwenye afya. Tangu ujana wake alishikwa mara kwa mara na ugonjwa wa kifafa, na watu wa nyumbani waliogopa kumwacha peke yake. Pengine ndiyo maana alikuwa mpole. Mtu aliyezoea kuinuliwa na wengine akiwa ameanguka hujifunza kutojivuna.

Baadaye Jilfidan na binti yake walihamia jumba jingine. Huko Salme aliwekwa karibu na dada yake mwingine, Khole, aliyesifiwa kwa uzuri na kupendwa mno na baba yao. Salme akamshika Khole kama mmea unaotambaa unavyoushika mti. Tena katika miaka hiyo alijifunza jambo moja kwa siri. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani tu. Kuandika kulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Salme akatafuta mfupa mpana wa bega la ngamia, akautumia kama ubao, akanakili herufi za Kurani moja moja mpaka mkono wake ukazoea. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba mwandiko wa mtoto huyo ungekuja kuandika mambo mazito.

Mwaka 1856 Sayyid Said alikufa baharini akirudi kutoka Oman. Hata katika nyumba za bami wa Kivu watu wanajua jinsi kifo cha baba kinavyofungua midomo iliyokuwa imefungwa. Mwana mmoja, Thuwaini, alishika Oman. Majid alishika Unguja na pwani yake. Lakini kulikuwako ndugu wa tatu, Barghash, kijana mwenye akili kali na moyo wa kiburi, aliyekuwa pamoja na baba yao merini siku ya kufa kwake. Barghash hakuona kwa nini mtu mgonjwa na mpole akae katika kiti, na yeye mwenye nguvu asimame nyuma yake.

Ndugu waliopendana wakagawanyika kidogo kidogo. Ilianza kwa maneno madogo: nani alisalimiwa kwanza, nani hakuitwa kwenye karamu, nani alionekana akitoka nyumbani kwa fulani. Khole alikosana na Majid. Jilfidan, ambaye kama angaliishi huenda angaliwapatanisha, alikufa mwaka 1859 kwa kipindupindu kilichoua watu wengi sana mjini. Salme akabaki bila mama akiwa na umri wa miaka kumi na mitano.

Hapo ndipo Khole alipomwomba achague upande. Salme hakuwa na kinyongo chochote na Majid. Barghash hakumpenda kwa namna ya pekee. Alichompenda ni Khole, na kwa ajili ya kutompoteza Khole alikubali kuingia katika njama ya kumwondoa kaka yake aliyemlea. Na hivi ndivyo usaliti unavyoingia mara nyingi. Hauji kwa mlango wa chuki. Huja kwa mlango wa urafiki mwingine ambao mtu anaogopa kuuvunja, na yule anayesalitiwa huwa hakumkosea msaliti neno lolote.

Barghash aliungwa mkono na wakubwa wa Kiarabu, hasa wa kabila la Waharithi. Walihitaji barua za kuwaita wakuu wa mashamba, za kuagiza bunduki na baruti, za kupanga siku. Barua hizo hazikuweza kuandikwa na karani wa kawaida, kwa maana karani ana ulimi. Basi zikaandikwa na Salme. Aliketi usiku, na mkono ule uliofundishwa na Majid kushika upanga ukaandika maneno ya kumpindua Majid.

Majid alikuwa na watu wake, wakamletea habari. Nyumba ya Barghash mjini ilijaa watu kila usiku. Nyumba isiyo na harusi wala matanga haijai watu usiku bila sababu. Sultani akaagiza askari waizunguke, chakula kisiingie wala mtu asitoke. Hakuamuru ivunjwe. Ndani yake mlikuwa na ndugu zake wa damu, naye alitumaini kwamba njaa na kiu zingefanya kazi ambayo hakutaka kuifanya kwa risasi.

Ndipo usiku mmoja likaja kundi la wanawake wa kifalme kwa taa na watumishi, wamejifunika, kama ilivyokuwa desturi ya mabibi wa Unguja walipotembeleana baada ya jua kuchwa. Mbele yao walikuwa Khole na Salme. Wakamwomba mkubwa wa askari awaruhusu waingie kumwona ndugu yao kwa muda mfupi. Hakuna askari aliyethubutu kuwagusa mabinti wa Sayyid Said. Wakaingia. Barghash kwa kiburi chake alikataa kwanza kuvaa nguo za kike, lakini mwisho akakubali kwa shida. Wakamfunika, wakamweka katikati ya wanawake warefu kuliko wengine, wakatoka naye mbele ya macho ya askari. Nje ya mji watu wake walikuwa wakimngoja. Akaenda mpaka shamba moja lililoitwa Marseilles, ambalo wafuasi wake walikuwa wamelijaza silaha na chakula.

Asubuhi Majid akajua yote. Hapa hadithi nyingi hukimbilia vita, lakini inafaa kusimama kidogo. Barghash alikuwa mshindani wake, na mtu hawezi kustaajabu sana mshindani anaposhindana. Lakini Salme! Mtoto aliyekuwa akimsaidia apande juu ya farasi, ambaye mama yake alikuwa mama kwa Majid. Watu wa Masisi na Walikale, ambao tangu mwaka 1993 wameona mara nyingi jirani akimgeukia jirani, na hata mkwe akimwonyesha adui mlango wa mkwewe, hawahitaji kufundishwa uchungu huo. Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako. Mtu aliyesalitiwa hivyo hapotezi mpenzi mmoja tu. Hupoteza pia siku zilizopita, kwa sababu kila kumbukumbu tamu huanza kumwuliza kama ilikuwa ya kweli au ilikuwa ya uongo tangu mwanzo.

Majid hakujifanya kwamba halikutokea neno. Alikuwa na nchi ya kulinda. Alitoka na askari wake, na Waingereza, ambao balozi wao wakati ule alikuwa Rigby, wakamsaidia kwa mabaharia wa manowari yao. Shamba la Marseilles likapigwa mizinga, na watu wengi wakafa. Miongoni mwao walikuwamo watumwa wa Salme mwenyewe, waliotumwa kupigana katika ugomvi ambao haukuwa wao. Majina yao hayakuandikwa mahali popote. Inafaa Mkristo anayesoma habari hizi asiwapite bila kuwaombea, maana wakubwa wanapokosana gharama hulipwa na watu wasio na sauti.

Barghash alitoroka usiku akarudi katika nyumba yake ya mjini. Waingereza wakaizunguka, naye alipoona kwamba hana njia akajitoa. Hayo yalikuwa katika mwezi wa Oktoba mwaka 1859.

Sasa Majid alikuwa na ndugu zake wote mkononi mwake. Katika nchi nyingi za dunia, na katika enzi nyingi, mambo yangekwisha kwa damu. Mfalme mwenye ndugu muasi huona amani siku ndugu huyo anapozikwa. Majid hakumwua Barghash. Alipelekwa Bombay, katika nchi ya Uhindi, akakaa huko miaka miwili, kisha akaruhusiwa kurudi Unguja na kuishi mjini kama mtoto mwingine wa Sayyid Said.

Kuhusu Khole na Salme, wakubwa wa baraza walimshauri awaadhibu. Walikuwa na sababu zao: wanawake hao walimdhihaki mbele ya mji mzima, na asiyeadhibu huitwa dhaifu. Majid alikataa. Hakuwafunga, hakuwanyang'anya mashamba yao, hakuwafukuza. Wengi walimcheka kwa hayo. Walisema ni ugonjwa wake unaomfanya laini. Lakini mtu dhaifu huadhibu upesi kwa sababu anaogopa; asiyeogopa ndiye anayeweza kuzuia mkono.

Wakatekumeni wanaojifunza sala ya Baba Yetu watatambua hapa jambo la kutafakari. Mtu huyu hakuwa amebatizwa, hakuwa amefundishwa sala hiyo, na bado alifanya kwa ndugu zake kile ambacho wabatizwa wengi hukiomba kwa midomo kila asubuhi na kukiahirisha kila jioni.

Lakini yasifikiriwe kuwa mambo yalirudi kuwa mema mara moja. Msamaha wa Majid ulizuia kisasi. Haukurudisha urafiki kwa siku moja, naye hakujaribu kuulazimisha. Mlango wa Salme haukubishwa na wajumbe wa Sultani, wala Salme hakwenda kwake. Maisha ya msichana huyo yakawa ya upweke. Marafiki wa zamani walimkwepa, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana na mtu aliyeshindwa. Wale aliowatumikia hawakuwa na kitu cha kumpa. Akaondoka mjini, akakaa katika shamba lake la Kizimbani, kisha akapanga nyumba Bububu, kando ya bahari. Huko alikuwa na nafasi kubwa ya kufikiri. Ni adhabu ambayo hakuna aliyemhukumia, na pengine ilikuwa nzito kuliko kifungo.

Namna walivyorudiana ilikuwa ndogo, hata msomaji mwenye haraka angeipita. Balozi mpya wa Kiingereza alitaka nyumba ya mapumziko kando ya bahari, na ile ya Bububu ilimpendeza. Majid akatuma neno kwa Salme kumwuliza kama angekubali kuiacha. Angeweza kuamuru, naye aliomba. Salme aliipenda sana nyumba ile, lakini aliona kwamba kaka yake, ambaye hakuwa amemdai kitu hata kimoja kwa uovu wote aliomtendea, sasa anamwomba jambo dogo. Akaiacha, akarudi mjini. Baada ya hapo walikutana tena, wakazungumza, na ile baridi ya miaka ikayeyuka.

Kuna hekima kubwa katika jambo hilo dogo, hata kama Majid hakulifanya kwa kusudi. Aliyesaliti hawezi kusimama tena mbele ya aliyemsaliti akiwa mikono mitupu. Akisamehewa bure, na asiombwe neno lolote, hubaki nje ya mlango kwa aibu. Akiombwa kitu anachoweza kukitoa, hata kama ni nyumba ya kupanga, hupata njia ya kuingia. Na aliyesalitiwa naye hupata kuona kwa macho yake, kwa jambo dogo lisilo na hatari, kama mkono ule unaweza kuaminiwa tena.

Khole hakupendezwa. Kwake yeye, Salme kwenda kwa Majid kulikuwa usaliti wa pili, na urafiki wao ule uliomponza Salme ukavunjika palepale. Hivyo kile ambacho Salme alimuuza kaka yake ili asikipoteze, alikipoteza.

Majid aliendelea kutawala. Mwaka 1861 ugomvi wake na Thuwaini wa Oman ulikatwa na hukumu ya Waingereza: Oman na Unguja zikawa nchi mbili, na Majid akatakiwa kulipa Muscat reale 40,000 kila mwaka. Katika miaka iliyofuata alianza kujenga mji mpya pwani ya bara, karibu na kijiji cha Mzizima. Mji huo ndio Dar es Salaam, uliokuja kuwa mji mkubwa kuliko yote ya Tanzania.

Mwaka 1866 Salme alimjaribu kaka yake mara ya pili, ingawa si kwa njama. Jirani yake mjini alikuwa kijana Mjerumani wa Hamburg, mfanya biashara, jina lake Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana, na Salme akapata mimba. Kwa sheria na desturi za nyumba yake hakukuwa na aibu kubwa kuliko hiyo. Mwezi wa Agosti akatoroka usiku katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akaenda Aden. Huko akamzaa mtoto wa kiume, ambaye hakuishi muda mrefu. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa katika kanisa la Kiingereza kwa jina la Emily, na siku ileile akafunga ndoa na Ruete, aliyekuwa amebaki Unguja miezi mingi akimaliza biashara zake pasipo kuuawa wala kupigwa. Kisha wakaenda Hamburg, kwenye baridi.

Walipata watoto watatu zaidi, mabinti wawili na mwana mmoja aliyeitwa Rudolph Said. Mwaka 1870 Ruete alipatwa na ajali ya tramu, gari la abiria lipitalo juu ya reli, akafa. Mwaka huohuo, tarehe 7 Oktoba, Majid alifariki dunia. Alikuwa bado kijana, wala hakuacha mwana. Kiti kikaenda kwa Barghash.

Salme alikuwa mjane wa miaka ishirini na sita katika nchi ya kigeni, na watoto watatu wadogo, na fedha zake zikipungua. Huenda katika saa hiyo alifikiri kwamba Mungu ameuandaa msaada wake vizuri. Sultani mpya alikuwa yule ambaye kwa ajili yake alikuwa amepoteza kila kitu: watumwa waliokufa Marseilles, jina jema, utulivu wa ujana wake. Yeye ndiye aliyemtoa Barghash katika nyumba iliyozungukwa na askari. Akamwandikia.

Barghash hakumjibu kwa wema. Mwaka 1875 alipokwenda London kama mgeni wa serikali, Salme alisafiri kwenda huko apate kumwona. Waingereza, ambao hawakutaka mgeni wao audhike, walimshawishi aache jambo hilo, wakimwahidi kwamba watoto wake wangeangaliwa. Na Barghash alipoondoka, wakamwambia kwamba yeye ni raia wa Ujerumani, kwa hiyo hawana la kumfanyia. Mwaka 1885 akafika Unguja wakati manowari za Ujerumani zilipokuwa bandarini. Watu wa mjini walimtambua, wakamfuata njiani kwa furaha, wakimsalimu kwa Kiswahili chake cha utotoni. Barghash alikuwa katika jumba lake, umbali wa mwendo mfupi kwa miguu. Hakumpokea.

Kwa ajili ya Barghash, Salme alikuwa amemtenda uovu Majid. Majid alimsamehe, na Barghash, aliyepata faida, hakumsamehe hata kosa ambalo hakutendewa yeye. Basi Salme alionja mwenyewe, akiwa mtu mzima, kile alichompa kaka yake akiwa na miaka kumi na mitano. Barghash akafa mwaka 1888 pasipo kupatana naye, na Salme alipojaribu tena mwaka huo kwa mrithi wake, alifungiwa mlango vilevile.

Lakini hakuishi katika uchungu tu. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake huko Berlin, kwa lugha ya Kijerumani. Ni kwa kitabu hicho kwamba mengi ya habari hizi yanajulikana, kwa maana wasaliti wengi hujitetea, naye hakujitetea sana. Aliandika wazi kwamba alishiriki njama, kwamba aliziandika barua zile, kwamba watu walikufa, na kwamba Majid alikuwa na moyo wa kiungwana. Haikuwa rahisi. Majid alikuwa amelala kaburini miaka kumi na sita, wala hakuna mtu Ulaya aliyemtaka ayaungame.

Kisha akaishi miaka mingi Beirut, akarudi Ujerumani mwaka 1914. Alipokuwa mzee sana, Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja alimpa malipo madogo ya kila mwaka. Alifariki mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika kaburi la mumewe. Katika vitu vyake watoto wake walikuta mfuko mdogo wa mchanga aliouchukua ufukoni mwa Unguja, wakauzika pamoja naye.